Nyenzo za mtandaoni kwa mhariri wa video wa Nyanda za Juu Kusini

Mhariri wa video aliyepanga chumba cha kazi Mwanjelwa, Makambako au Kihesa anafungua intaneti ileile anayofungua mwenzake wa London, lakini hafanyi kazi katika mazingira yaleyale. Bando lake lina kikomo, umeme unaweza kukatika kompyuta ikiwa katikati ya kurenda (kutoa video iliyokamilika), na wateja wake ni kwaya, familia zenye sendofu na harusi, vyama vya wakulima wa parachichi na chai, pamoja na mashirika yanayotaka taarifa ya mradi katika video ya dakika tano. Orodha nyingi za nyenzo zinazosambazwa mtandaoni hazikuandikwa kwa ajili yake, kwa kuwa zinamchukulia msomaji kuwa na mtandao wa saa zote na kadi ya benki inayokatwa kila mwezi bila kumuumiza. Mwongozo huu unachagua kwa kigezo kingine: nyenzo inayotufaa huku ni ile inayoshushwa mara moja ikabaki kwenye diski, inayofanya kazi bila mtandao, na ambayo masharti ya matumizi yake yanasomeka na kueleweka kabla kazi haijakabidhiwa kwa mteja.

Programu kwanza

Anza na programu yenyewe, kwa sababu ndiyo itakayoamua utafute mafunzo gani. Kwa anayefanya kazi ya kulipwa, pendekezo langu la kwanza ni DaVinci Resolve ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia. Toleo lake la bure haliweki nembo juu ya picha, haliishi muda, na linatoa video ya ukubwa wa hadi 3840 kwa 2160, ambao unazidi mahitaji ya karibu kila mteja wa Mbeya au Iringa. Toleo la Studio huuzwa dola 295 za Marekani, hulipiwa mara moja tu, na ufunguo wake mmoja huweza kuwashwa kwenye kompyuta mbili. Wengi hulihitaji pale wanapotaka kusafisha chengachenga za picha zilizopigwa ukumbini usiku kwa mwanga hafifu, kwa kuwa kifaa hicho hakimo katika toleo la bure.

Kasoro ya Resolve ni uzito. Inategemea sana kadi ya michoro, na laptopu isiyo na kadi hiyo, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, itakwama mapema. Mwenye kompyuta ya namna hiyo asijilazimishe. Kdenlive na Shotcut ni programu huria, ni za bure kabisa, ni nyepesi kuliko Resolve, na zote mbili zinatengeneza proksi, yaani nakala ndogo za picha ambazo mhariri huzitumia wakati wa kukata na kupanga huku mafaili makubwa yakisubiri hatua ya mwisho.

Shusha programu kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji pekee. Ni jambo linalojulikana kwamba katika maduka mengi ya kompyuta zinazunguka fleshi zenye programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, na mtu anaweza kukuwekea moja kwa bei ya chakula cha mchana. Hata ukiacha suala la sheria, hapo kuna hatari ya kikazi: programu hizo ni njia mojawapo inayotumiwa kuingiza virusi vinavyofunga mafaili na kudai malipo, na kompyuta ya mhariri mara nyingi ina harusi za watu ambazo hazijakabidhiwa na haziwezi kurudiwa. Faili la kusakinisha Resolve lina ukubwa wa gigabaiti kadhaa, kwa hiyo lishushe kwa bando la usiku, ukitumia programu ya kushushia inayoweza kuendelea pale ilipoishia mtandao ukikatika, kisha weka nakala yake kwenye diski ya nje ili siku kompyuta ikiharibika usilipie bando tena. Usisasishe programu katikati ya kazi, hata ikikukumbusha kila asubuhi, kwa sababu kazi iliyokwisha kufunguliwa katika toleo kubwa jipya la Resolve haifunguki tena katika toleo la zamani.

Pa kujifunzia

Ukurasa wa mafunzo katika tovuti ya Blackmagic Design una vitabu kamili vya PDF vinavyotolewa bure pamoja na picha za mazoezi yake: kitabu cha utangulizi, cha uhariri, cha rangi, cha sauti na cha madoido. Baada ya kitabu kuna mtihani wa mtandaoni, na anayefaulu hupata cheti. Zaidi ya hapo kuna mwongozo wenyewe wa programu, wenye kurasa zaidi ya 3,000, ambao hakuna anayeusoma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hufunguliwa, neno likatafutwa, swali likajibiwa, ukafungwa. Wahariri wengi wa rika letu wamejifunza kwa video fupi za YouTube, na sizidharau, lakini video fupi hufundisha ujanja mmoja bila kuonyesha mahali pake katika kazi nzima. Mtu anaweza kujua namna nane za kumgawa bibi harusi kwenye vioo vinavyozunguka, na bado asijue kupanga mafaili ili sauti isipotee anapohamisha kazi kwenda kompyuta nyingine. Kitabu kimoja cha mafunzo, kikifuatwa hadi mwisho na mazoezi yake yote, kitakupa mpangilio huo, na kitakugharimu bando kidogo kuliko video unazoweza kutazama kwa wiki chache.

YouTube inafaa zaidi kwa mambo mawili. La kwanza ni kutatua tatizo mahususi ambalo tayari unalijua kwa jina. Hapo shusha ubora hadi 480p, maana maelezo ya sauti hayahitaji picha kali, na kama Kiingereza cha msemaji kinakwenda mbio, washa manukuu, yaani maandishi yanayopita chini ya picha, kisha uchague yatafsiriwe kwa Kiswahili. Tafsiri hiyo ya mashine hukosea istilahi, ila hukuonyesha mwelekeo. La pili ni kujifunza kufikiri. Chaneli ya Every Frame a Painting ya Tony Zhou na Taylor Ramos, ambayo insha zake nyingi zilitoka kati ya mwaka 2014 na 2016, haifundishi kitufe hata kimoja, lakini inaeleza kwa nini picha hukatwa pale ilipokatwa, na somo hilo halichakai toleo jipya la programu linapotoka.

Jambo moja katika mafunzo ya rangi linahitaji tahadhari. Sehemu kubwa ya masomo ya bure, pamoja na vichujio vya rangi vinavyogawiwa navyo, vimetengenezwa kwa nyuso za Wazungu. Mwalimu anapokuambia upandishe mwanga wa uso hadi kiwango fulani kwenye grafu, kiwango hicho kwa ngozi nyeusi huleta uso uliopauka kama uliopakwa majivu, na shela la bibi harusi hupoteza mishono yake yote. Tumia grafu ya kupima mwanga (waveform) kuhakikisha kwamba nyeupe ya shela haijaungua, acha uso ukae chini ya viwango vya masomo hayo, na rangi ya ngozi ipime kwa grafu ya duara (vectorscope), kwa sababu mstari wake wa ngozi hufuata aina ya rangi, na aina hiyo hukaribiana kwa watu wa weusi na weupe tofauti. Kabla ya yote hayo, pima kioo chako. Tovuti ya Lagom ina kurasa za kupimia vioo vya kompyuta ambazo zinaweza kushushwa na kutumika bila mtandao. Kurasa mbili za kuanzia ni ya weusi na ya weupe, kwa kuwa ndizo zitakazokueleza kama suti nyeusi ya bwana harusi imepotea kwenye video au imepotea kwenye kioo chako tu.

Zana ndogo zinazookoa kazi

Zipo programu ndogo za bure ambazo mhariri anayezijua hupata usingizi zaidi kuliko asiyezijua. MediaInfo husoma faili na kueleza limetengenezwaje. HandBrake hubadilisha faili kuwa la aina nyingine. Shutter Encoder, ambayo ndani yake inatumia injini ya FFmpeg, hufanya kazi hiyo kwa aina nyingi zaidi, zikiwamo ProRes na DNxHR zinazopendwa wakati wa kuhariri. Zote hufanya kazi bila mtandao.

Chukua mfano unaotokea kila msimu wa matamasha. Kwaya ya Tukuyu imerekodiwa kwa kamera moja na simu mbili. Umeziweka picha zote kwenye mstari wa muda, umezioanisha kwa kishindo cha ngoma ya mwanzo, na midomo inakwenda sawa. Ukifika ubeti wa mwisho, waimbaji wa simu ya pili wanafumba midomo baada ya sauti kuisha. Watu wengi huanza kukata vipande na kuvisogeza kwa mkono, kazi inayochukua usiku mzima. Fungua kwanza faili la simu katika MediaInfo na usome mstari wa aina ya kasi ya fremu, yaani idadi ya picha kwa kila sekunde. Ukikuta pameandikwa Variable, umempata mchawi: simu nyingi hubadilisha kasi ya fremu kadiri mwanga na joto la simu vinavyobadilika, na programu ya kuhariri inayotarajia kasi moja hushindwa kuifuata. Ingiza faili hilo katika HandBrake, nenda sehemu ya video, chagua kasi iliyo karibu na ile ya asili, ambayo kwa simu mara nyingi ni 30, kisha chagua iwe ya kudumu. Kipimo cha ubora kinachoitwa RF kiweke kati ya 16 na 18, ukikumbuka kwamba namba ikishuka ubora unapanda na faili linakuwa kubwa, na sauti iwe ya kilohezi 48, ambacho ndicho kiwango cha kazi za video. Faili litakalotoka liweke mahali pa lile la zamani, na lile la asili usilifute.

Kwa kazi zijazo, simu ikiruhusu, rekodi kwa fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, ya moja kwa hamsini ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za kumbi hupepesa kwa mdundo huo. Shata ikipishana nao, mistari myeusi huonekana ikipanda na kushuka ukutani, na hakuna programu ya bure inayoiondoa kwa urahisi.

Angalia pia nafasi ya diski kabla ya kubadilisha mafaili yote kuwa ProRes. Kwa picha ya 1080 yenye fremu 25, ProRes 422 hutumia takribani megabiti 122 kwa sekunde (megabiti nane ni megabaiti moja), yaani zaidi ya megabaiti 900 kwa kila dakika moja, wakati ProRes Proxy hutumia takribani megabiti 38, yaani chini ya megabaiti 300. Kwa kukata na kupanga kwenye laptopu ya kawaida, ya pili inatosha kabisa.

Muziki, sauti na picha za kuazima

Sehemu hii ndiyo inayowagharimu wahariri fedha na heshima, kwa hiyo nitaikalia. Neno bure mtandaoni lina maana nyingi, na mhariri wa kulipwa lazima ajue kuzitofautisha. Leseni za Creative Commons, ambazo utazikuta kwenye maktaba nyingi za muziki na picha, zina herufi ambazo kila moja ni sharti. BY inakutaka umtaje mwenye kazi. NC inakataza matumizi ya kibiashara, na harusi uliyolipwa kuihariri ni biashara hata kama bwana harusi ni binamu yako na amelipa nusu bei. SA inakutaka kazi mpya uliyoitengeneza uitoe kwa leseni hiyohiyo, sharti ambalo shirika lililokulipa huenda halikubaliani nalo. ND inakataza kubadilisha kazi, na hapa kuna mtego usioonekana: katika toleo la 4.0 la leseni hizo, kuoanisha muziki na picha zinazotembea kunahesabiwa kuwa ni kuubadilisha, hata kama hukukata sekunde moja. Wimbo wenye ND, basi, haufai kwa video yoyote utakayoisambaza. CC0 ndiyo isiyo na sharti.

Freesound, maktaba ya sauti iliyoanzishwa mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona, ni hazina kubwa kwa anayetaka mvua juu ya bati, mlango wa mbao, umati wa soko au upepo wa mlimani. Kushusha kunahitaji kujiandikisha tu. Tafuta kwa maneno ya Kiingereza, kwa kuwa maelezo mengi ya sauti zake yako katika lugha hiyo, na tumia kichujio cha leseni ubaki na CC0 na BY pekee, maana sauti zenye NC zimo humohumo pembeni yake. Maktaba ya sauti ya BBC nayo ina maelfu ya sauti zilizorekodiwa vizuri sana, lakini leseni yake ya bure ni ya matumizi binafsi, elimu na utafiti. Mwanafunzi wa chuo anaweza kuitumia katika kazi ya darasani, mhariri wa harusi hawezi. Kwa muziki, maktaba ya sauti iliyomo ndani ya YouTube Studio ni mahali salama pa kuanzia ikiwa video itawekwa YouTube: kila wimbo unaonyesha kama unahitaji kumtaja mtunzi au la, na sharti kuu ni kutougawa muziki huo peke yake nje ya video. Nyimbo zilizomo ndani ya programu za simu kama CapCut usizichukulie kuwa za bure kwa kazi ya mteja mpaka umesoma masharti ya wimbo husika.

Hata wimbo ulioruhusiwa unaweza kukuletea dai. Mfumo wa Content ID, ambao YouTube iliuanzisha mwaka 2007, hulinganisha sauti ya video yako na hazina ya sauti zilizosajiliwa, na mashine haijui kwamba una ruhusa. Dawa yake ni kumbukumbu. Katika folda ya kila kazi weka folda ndogo ya leseni, na kwa kila wimbo, sauti au picha uliyoshusha hifadhi picha ya ukurasa wenye leseni, anwani ya ukurasa huo, jina la mwenye kazi na tarehe uliyoshusha. Inachukua dakika moja wakati unashusha. Kuitafuta baada ya miaka miwili, wakati tovuti imebadilika na mteja ana hasira, huenda isiwezekane.

Usisahau kwamba sheria ya hapa nyumbani ipo pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda nyimbo za kwaya ya Ipogolo sawasawa na inavyolinda za msanii wa Dar es Salaam, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ndiyo inayosimamia mambo hayo. Kwaya inapokuletea wimbo wa kwaya nyingine ili uuweke chini ya picha zao za safari, omba barua ya ruhusa. Barua ya mistari mitatu yenye sahihi ya mwenyekiti inatosha kuanzia, na viongozi wengi wa kwaya hufurahi kuombwa.

Picha za kuazima hazinipi shida nyingi kisheria, shida yake ni nyingine. Pexels na Pixabay zinaruhusu matumizi ya kibiashara bila kumtaja mpigaji, mradi usiuze picha yenyewe kama ilivyo. Lakini ukitafuta shamba la Afrika utaletewa nyika yenye mgunga na jua linalotua, jambo ambalo mkulima wa Rungwe akiliona kwenye video ya chama chake atauliza kama umewahi kufika kwao. Ushauri wangu ni kuzitumia tovuti hizo kwa vitu visivyo na kwao, kama mawingu, karatasi, moshi na mikono inayoandika, na vya kwetu uvipige mwenyewe. Kila unaposafiri kwenda kazini, iwe ni Makete au Mufindi, tenga nusu saa kupiga ukungu, mashamba ya chai, barabara, soko na mvua, uhifadhi kwa majina yanayotafutika. Baada ya misimu miwili utakuwa na maktaba ambayo tovuti hizo haziwezi kukupa.

Kwa makala za kihistoria, fungua Wikimedia Commons. Mwaka 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani ilianza kuweka humo maelfu ya picha zake kwa leseni ya CC BY-SA, zikiwamo za enzi za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Anayetengeneza video kuhusu Kalenga, Mtwa Mkwawa aliyefariki mwaka 1898, au safari ya fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954, anaweza kupata hapo picha za zama hizo na kumtaja mwenye hifadhi kama leseni inavyotaka. Soma maelezo ya picha kwa jicho kali, kwa sababu yaliandikwa na watawala: majina ya makabila hukosewa, mahali hutajwa kwa ujumla, na waliopigwa picha hawakuulizwa. Pale unapoweza, mpelekee picha mzee wa eneo husika au wahusika wa makumbusho ya Kalenga kabla ya kuandika jina chini yake.

Manukuu

Mashirika sasa yanaomba manukuu karibu katika kila kazi. Subtitle Edit ni programu huria ya bure inayoweza kufanya kazi yote, na inaweza kuunganishwa na Whisper, mfumo wa OpenAI uliotolewa Septemba 2022, ambao hugeuza sauti kuwa maandishi na kufanya kazi kwenye kompyuta yako bila mtandao baada ya kushusha faili lake mara moja. Kiswahili kimo, ila makosa ni mengi kuliko ya Kiingereza, hasa msemaji anapokuwa mbali na kinasa sauti au anapochanganya lugha. Kinyakyusa, Kihehe, Kibena na Kikinga havimo. Ukiipa mazungumzo ya bibi wa Kyela itakuandikia maneno ya Kiswahili ambayo hakuyasema, tena kwa ujasiri mkubwa. Kwa lugha hizo tafuta mzungumzaji, mlipe, na uandike jina lake mwishoni mwa filamu.

Kwa vipimo, miongozo ya manukuu ambayo Netflix imeichapisha wazi mtandaoni ni rejea nzuri hata kwa asiyefanya kazi nao: mistari isizidi miwili, kila mstari usizidi herufi 42 pamoja na nafasi, na andiko moja lisikae zaidi ya sekunde saba. Kiswahili hujaza mstari haraka kwa sababu kitenzi chetu kimoja hubeba mengi, kwa hiyo mahali pa kukata panahitaji akili. Chukua sentensi hii: Tulipofika Matema, mvua ilikuwa imeshaanza kunyesha ziwani. Ukiacha programu ikate yenyewe, mstari wa kwanza utaishia kwenye imeshaanza, ukiwa na herufi 42 kamili, na wa pili utabaki na kunyesha ziwani. Kwa hesabu hakuna kosa, lakini msomaji amekatiwa kitenzi katikati. Kata baada ya mkato unaofuata Matema. Mstari wa pili utakuwa na herufi 40, bado umo ndani ya kipimo, na kila mstari unasomeka kwa pumzi yake. Mwishowe hakikisha aina ya herufi uliyochagua inaonyesha vizuri kiapostrofi cha ng'ombe na ng'ambo. Google Fonts ina mamia ya aina za herufi zenye leseni huria, na unaweza kuzijaribu hapohapo kwa kuandika sentensi yako kabla ya kushusha.

Kiwango cha sauti

Hapa pafupi. YouTube husawazisha video kuelekea takribani LUFS 14 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), na vituo vya televisheni vinavyofuata mwongozo wa Ulaya wa R128 huhitaji 23 chini ya sifuri. Resolve ina kipimo chake katika ukurasa wa sauti; anayetumia programu nyingine ashushe Youlean Loudness Meter, ambayo ina toleo la bure. Kabla ya kukabidhi kazi kwa kituo cha televisheni, waombe waraka wao wa vipimo na uufuate huo.

Kuuliza na kujibiwa

Majukwaa ya watumiaji, likiwamo la Blackmagic Design lenyewe, yana watu wanaojibu kwa ukarimu, lakini hawajibu swali lisilo na mwili. Andika toleo la programu, aina ya mfumo wa kompyuta, kadi ya michoro na ukubwa wa kumbukumbu, bandika maelezo ya MediaInfo ya faili linalosumbua, kisha eleza ulichofanya, ulichotarajia na kilichotokea. Kiingereza chepesi kinatosha. Tafuta kwanza kama swali limekwisha kuulizwa, kwani mara nyingi limeulizwa na jibu lipo tayari, na utaokoa siku nzima ya kusubiri watu wa bara jingine waamke.

Kumpelekea mteja

Kabla ya kupakia faili, fanya hesabu. Filamu ya harusi ya dakika 60 iliyotolewa kwa megabiti 10 kwa sekunde ina gigabaiti 4.5. Kama mtandao wako unapakia kwa megabiti 2 kwa sekunde, kazi hiyo itachukua saa tano bila kukatika, na kukatika kutakuwapo. Kwa hatua ya mteja kutazama na kutoa maoni, toa nakala ndogo ya megabiti 1 yenye saa inayosoma juu ya picha: itakuwa na megabaiti 450, itapanda kwa nusu saa, na mteja ataweza kukuandikia kwamba kwenye dakika ya 14 na sekunde 20 jina la shangazi limekosewa. Frame.io, ambayo Adobe waliinunua mwaka 2021, humruhusu mteja kuandika maoni juu ya fremu yenyewe, lakini wateja wengi wa huku watakupigia simu tu, na saa iliyo juu ya picha inawatosha.

Faili la mwisho la YouTube katika 1080 na fremu 25 lifuate pendekezo la YouTube wenyewe, megabiti 8 kwa sekunde. Kipimo hichohicho kina faida nyingine kwa fleshi: fleshi nyingi za kawaida zimeumbizwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, na ile filamu ya megabiti 10 itakataa kuingia wakati mteja amesimama mlangoni, ilhali ya megabiti 8, yenye takribani gigabaiti 3.6 za picha, itaingia na kuchezwa kwenye televisheni ya nyumbani.

Kwa mafaili makubwa yanayokwenda Dar es Salaam au Dodoma, basi la usiku bado linaishinda intaneti. Nakili kwa TeraCopy ukiwa umewasha uhakiki, ili kila faili lililofika kwenye diski lilinganishwe na la asili, tumia diski iliyoumbizwa kwa exFAT inayosomeka kwenye Windows na Mac, na usisafirishe nakala pekee uliyonayo. Mteja akishathibitisha kwa maandishi kwamba amepokea na mafaili yamefunguka, futa proksi kupata nafasi. Mafaili ya asili na folda ya leseni vibaki kwako kwa muda mliouandika kwenye mkataba.